Dhiraa 16: kisiwa cha Roda na maji ya ziwa letu

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada, na nyie vijana mliosimama kule madirishani kwa kukosa viti: mwadila. Nimeombwa nizungumze juu ya kisiwa kilicho ndani ya jiji, na najua wengi mlitegemea nianze na Saanane, kisiwa chetu hapo mbele ya Mwanza, kilichobeba jina la mvuvi aliyeishi pale. Saanane mnakijua kuliko mimi. Leo nawapeleka mbali, kule maji haya haya ya Ziwa Victoria yanakofika kwa Mto Nile, kwenye kisiwa cha Roda katikati ya jiji la Kairo.

Lakini kwanza naomba kila mmoja akunje mkono wake. Hivi. Kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Bibi zetu walipimia vitambaa hivyo, na wazee wa mwaloni, kwenye soko la samaki, walipimia kamba za nyavu. Kipimo hicho kinaitwaje? Naam, dhiraa. Msishushe mikono bado. Kule Roda kuna nguzo moja ya mawe iliyochongwa mistari kutoka chini hadi juu, na nafasi kati ya mstari na mstari inaitwa kwa jina hilo hilo, dhiraa. Na jengo lenye nguzo hiyo linaitwa Miqyas. Sikilizeni neno hilo vizuri: Miqyas. Lina mzizi mmoja na neno letu la kila siku, kiasi. Maana yake ni mahali pa kujua kiasi. Kwa miaka zaidi ya elfu moja, Wamisri walikitegemea kisiwa hicho kujua kiasi cha maji, na kwa hiyo kiasi cha chakula cha mwaka mzima. Sasa shusheni mikono.

Nilikaa Kairo miaka 4 nikisoma, na chumba nilichopanga kilikuwa Manial, mtaa ulioenea sehemu kubwa ya kisiwa hicho. Roda kwa Kiarabu ni Rawdha, bustani. Ni jina tulilowapa mabinti wetu kule pwani na visiwani. Bustani zenyewe zimebaki chache. Ukivuka daraja unakutana na maghorofa yaliyobanana, magari, maduka ya matunda, na nguo zinazoanikwa kwenye vibaraza mpaka ghorofa ya 10. Nilipita njia ile kwenda kununua mkate kwa miezi mingi bila kujua kwamba mwisho wa kisiwa, upande wa kusini, mahali mto unapogawanyika ili ukizunguke, kuna kijumba chenye paa la umbo la pia, lililochongoka, na chini ya paa hilo kuna kisima.

Siku nilipoingia, mlinzi alifungua mlango kwa ufunguo mkubwa. Ndani kuna giza kidogo na ubaridi. Ukichungulia chini unaona shimo la mraba lililojengwa kwa mawe yaliyokatwa vizuri, na katikati yake imesimama nguzo moja ya marumaru yenye pande nane. Ngazi za mawe zinashuka zikiambaa kuta zote nne, nyembamba, na ukikohoa sauti inakurudia kutoka chini. Nguzo ina dhiraa 19, kila dhiraa kama sentimita 54. Kila dhiraa imegawanywa vidole 24. Ndiyo, vidole. Mkono mzima wa mwanadamu umewekwa kwenye jiwe. Kwenye kuta kuna aya za Kurani kwa hati ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, aya za mvua na mimea na riziki, na ukiwa umesimama chini mahali maji yalipokuwa, unazisoma ukiwa umeinua shingo kama mtu anayeomba.

Jengo hilo lilijengwa mwaka 861, kwa amri ya Khalifa al-Mutawakkil wa dola ya Waabbasi kule Iraki. Kabla yake palikuwa na kipimo kingine hapo hapo kisiwani, cha karne ya 8, kikaharibika. Mafundi wa 861 walifanya kazi ambayo hata leo wahandisi wanaiheshimu. Walichimba mifereji mitatu kutoka mtoni, mmoja juu ya mwingine, ili maji yaingie kisimani kwa utulivu, bila mawimbi, na msomaji aone mstari ulionyooka. Mdomo wa mifereji wakaujengea matao yaliyochongoka juu, karne kadhaa kabla Ulaya haijaanza kujenga makanisa yake makubwa kwa matao ya namna hiyo. Kwa nini kisiwani? Kwa sababu ukingo wa jiji unachezewa na kila mtu: huyu anatupa taka, yule anafunga mashua, mwingine anajenga gati. Kisiwa kilikuwa katikati ya mto, mali ya dola, na mtunzaji wake alikabidhiwa kazi moja tu. Alikuwa Abu al-Raddad, na baada yake wanawe na wajukuu, ukoo mmoja ukasoma maji kwa karne nyingi.

Sasa fuatilieni mwaka ulivyokwenda. Mwezi wa 6 mto uko chini kabisa. Mtunzaji anashuka ngazi mpaka chini na kuandika: mwaka huu maji ya chini ni dhiraa kadhaa na vidole kadhaa. Kisha mvua za milima ya Ethiopia zinaanza kufika, maji yanageuka rangi ya udongo, yanapanda kidole baada ya kidole. Tangu zamani za Warumi ilijulikana: dhiraa 12 ni njaa, 13 ni upungufu, 14 moyo unachangamka, 15 ni salama, 16 ni furaha. Ikizidi sana, 18 na kwenda juu, vijiji vinazama. Dhiraa 16 zilipofika, kwa kawaida mwezi wa 8, nguzo ilipakwa zafarani na miski kama bwana harusi. Watu walitoka na mashua kwa maelfu, kisha boma la udongo lililoziba mfereji wa jiji likavunjwa na maji yakaingia Kairo. Na kodi ya mashamba ilitegemea hapo. Maji yakipungua, mtawala hakuwa na haki ya kudai kodi kamili. Mkulima wa kijiji cha mbali asiyejua kusoma alikuwa na shahidi wake kisiwani.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Mwaka 973 hivi, al-Muizz, khalifa wa Kifatimiya aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia Kairo, alipiga marufuku kutangaza kipimo kabla maji hayajafika dhiraa 16. Si kwa ubaya. Aliona kwamba maji yakichelewa siku chache tu, wafanyabiashara wanafungia nafaka maghalani, bei inaruka, na maskini wanaanza kufa njaa kabla njaa haijafika. Tunalijua hilo. Tumeona mahindi yanavyopanda bei kwa uvumi. Kwa hiyo kipimo kikawa siri ya ikulu mpaka siku ya furaha. Nimeifikiria amri hiyo kwa miaka, na bado naona alikosea. Mtu asiyepewa habari hakai kimya akingoja. Anajitungia habari yake. Karne nyingi baadaye, miaka ya 1830, Kairo ilikuwa na wapiga mbiu waliozunguka mitaani asubuhi pamoja na mtoto wa kuwaitikia, wakitangaza kupanda kwa mto nyumba kwa nyumba, na mara nyingi namba walizotaja hazikuwa za kweli. Watu walizisikiliza hivyo hivyo, kwa kiu ya kujua.

Na kiu ile ilikuwa na sababu. Mwaka 1200 mto haukufika hata dhiraa 13. Tabibu mmoja kutoka Baghdad, Abd al-Latif, alikuwa Kairo wakati huo na aliandika aliyoyaona: vijiji vitupu, maiti njiani, watu kula kisicholiwa. Sitayasoma hapa mbele ya watoto. Nataka tu mwone kwamba tofauti kati ya mwaka ule na mwaka wa furaha ni dhiraa tatu na kitu. Mita moja na nusu na zaidi kidogo. Kimo cha binti wa darasa la saba.

Kisiwa chenyewe kilipitia mengine pia. Miaka ya 1240 Sultani al-Salih Ayyub alijenga ngome pale Roda na kuwaweka askari wake watumwa, Wamamluki. Kwa sababu waliishi mtoni, na Wamisri mto wao wanauita bahari, wakaitwa Bahri, watu wa bahari. Alipofariki, askari wale wa kisiwani walichukua nchi, wakaitawala kuanzia 1250 mpaka 1382, na mwaka 1260 wakawazuia Wamongolia kule Ain Jalut. Ngome ilibomolewa mapema, mawe yakaenda kujenga mengine. Nguzo ikabaki. Watawala waligombania kisiwa, lakini baadhi yao, wakishakipata, walituma mafundi kutengeneza kisima.

Sasa niseme jambo ambalo najua mtalipenda, ila naomba mlipokee kwa ukweli wake. Tumezoea kusema huku kwamba Mto Nile ni maji yetu, kwamba bila Ziwa Victoria Misri ni jangwa. Furiko la mwezi wa 8, lile la zafarani na ngoma, halikuwa la kwetu. Lilikuwa la Ethiopia, ambayo mpaka leo inatoa sehemu kubwa sana ya maji yanayofika Misri. Ya kwetu ni yale maji ya mwezi wa 6. Ziwa letu, na vinamasi vikubwa vya Sudan Kusini vinavyoyachelewesha maji, ndivyo vinavyofanya Mto Nile usikauke wakati Ethiopia kumekauka. Kwa maneno mengine, ile namba ya chini, ambayo mtunzaji aliiandika peke yake bila ngoma wala mashua, ndiyo iliyobeba habari zetu. Wataalamu wa hali ya hewa wanazitumia namba hizo za chini za mto, ambazo kwa sehemu kubwa zimehifadhiwa tangu mwaka 622, hata kabla ya kipimo cha Roda, kukisia mvua za Afrika Mashariki za zamani, nyakati ambazo huku kwetu hakuna aliyeandika. Mababu zetu walilima na kuvua hapa, mvua zikaja, mvua zikakataa, na mtu mmoja kisiwani Kairo akaliandika jambo hilo bila kujua kwamba tupo.

Nilipolielewa hili nilirudi kule kisimani mara ya pili, nikashuka mpaka ngazi za chini kabisa, nikaziangalia dhiraa za chini. Zile ndizo zetu.

Kuna Mwingereza mmoja, Harold Hurst, aliyefika Misri mwaka 1906 na kufanya kazi huko zaidi ya miaka 50. Alizichukua namba za Roda, za mamia ya miaka, akitaka kujua bwawa liwe kubwa kiasi gani ili nchi ivuke miaka mibaya. Akagundua kwamba miaka mibaya haiji mmoja mmoja kama unavyotupa shilingi hewani. Inaandamana. Ukame unavuta ukame, neema inavuta neema, kwa makumi ya miaka. Alitangaza hesabu hiyo mwaka 1951, na leo inatumika hata kwenye mambo ya benki na ya mapigo ya moyo. Waingereza wana methali kwamba mvua hainyeshi kidogo, ikija humwagika; Hurst aliitafutia kanuni, na kanuni hiyo ilitoka kwenye nguzo ya kisiwa.

Kisha bwawa likajengwa. Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970, na tangu katikati ya miaka ya 1960 furiko halijafika tena Kairo. Mifereji mitatu ya Miqyas imezibwa. Kisima ni kikavu. Wamisri bado wanaiadhimisha sikukuu ya mto kila mwezi wa 8, lakini mto wenyewe haupandi. Hapo penye kisima leo watu wanakuja kwa sababu nyingine: jirani kabisa, kwenye eneo la jumba la Manasterli la mwaka 1851, kuna makumbusho ya Umm Kulthum, mwimbaji mkuu wa Misri. Wapenzi wa taarab, mkifika Kairo msikose. Miwani yake myeusi ipo pale nyuma ya kioo, na kitambaa chake cha mkononi, na magauni. Nilimwona mzee mmoja amesimama mbele ya kitambaa kile analia polepole, na nikamkumbuka marehemu shangazi yangu na redio yake. Upande mwingine wa kisiwa kuna kasri la Manial la Mwanamfalme Muhammad Ali, lenye bustani ya miti ya nchi nyingi, na kuna hospitali ya chuo kikuu inayopokea wagonjwa kutoka Misri nzima. Ndiyo Roda ya leo: watu wanapanga, wanasoma, wanatibiwa, wanaimba. Ni kisiwa kilicho hai. Kazi iliyokifanya kijulikane imehamia kwingine.

Imehamia wapi? Imepanda mto. Imekuja kwetu.

Mnayajua makubaliano ya mwaka 1929, ambayo Uingereza iliyaweka na Misri kwa niaba yetu bila kutuuliza: kwamba Kenya, Uganda na Tanganyika hazitajenga kitu kwenye maji haya bila Misri kukubali. Mwaka 1962 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwaandikia kwamba Tanganyika huru haifungwi na karatasi hiyo. Na tulipochota maji pale Ihelele kuyapeleka Shinyanga na Kahama, hatukuomba ruhusa ya mtu. Mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile ulifunguliwa kusainiwa Entebbe mwaka 2010 na umeanza kutumika mwezi wa 10 mwaka 2024. Yote hayo ni haki na nayaunga mkono. Lakini Misri, kwa makubaliano ya mwaka 1949, ilipata nafasi ya kuweka mhandisi wake mkazi pale Jinja, mlango wa ziwa. Kazi yake? Kusoma maji. Mjukuu wa Abu al-Raddad, ukipenda, ameletwa Uganda. Wamisri hawajawahi kuacha kusoma. Sisi tunaokaa kando ya ziwa, ni nani kati yetu anayejua leo maji yamesimama wapi?

Mnakumbuka mwaka 2006. Ziwa lilishuka chini kuliko ilivyowahi kuonekana tangu miaka ya 1920, kwa ukame na kwa maji mengi yaliyopitishwa kwenye mabwawa ya Jinja kuzalisha umeme. Hapa mwaloni mitumbwi ilikaa kwenye tope na akina mama wakabeba dagaa kichwani umbali ambao haukuwepo. Halafu 2020 likapanda. Jirani wa mama yangu alikuwa amejenga nyumba ya vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, kwa pesa ya samaki ya miaka 9. Maji yaliingia usiku. Baadaye nilikwenda ofisi moja kuuliza kama kupanda kwa ziwa kulionekana mapema. Kulionekana. Namba zilikuwepo, zimeandikwa vizuri kwenye daftari, wiki kwa wiki. Nikauliza kwa nini watu wa ufukweni hawakuambiwa. Nikajibiwa kwamba takwimu hazitolewi hovyo, zinaleta taharuki. Nikamkumbuka al-Muizz.

Babu yangu hakusoma shule. Mvua za mwaka wa Uhuru, 1961, zilipoanza, ziwa lilipanda mwaka baada ya mwaka, zaidi ya mita 2 kwa jumla, na mwaka 1964 lilipofika mwisho wake alichukua tindo na nyundo akachonga mstari kwenye jiwe kubwa lililo chini ya shamba letu. Watoto tulicheza juu ya jiwe hilo. Mstari ulikuwa mbali na maji kiasi kwamba tulidhani babu alikuwa anatutania. Mwezi wa 5 mwaka 2020 nilimshika mama mkono tukashuka kwenye jiwe. Maji yalikuwa yamesimama kwenye mstari. Mama akainama akagusa kwa kidole, ule mchongo ulikuwa umefunikwa, ukiupapasa unausikia chini ya maji. Kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.41 mwaka 1964, na mita 13.42 mwaka 2020. Tofauti ni sentimita moja, haifiki hata nusu ya kidole cha ile nguzo ya Roda. Tindo la babu lilikuwa sahihi.

Kwa hiyo ninachoomba ni kitu kidogo. Nguzo moja pale mwaloni, ya zege, imara, yenye mistari minene nyeupe na myeusi inayoonekana kutoka kwenye mtumbwi. Mstari mmoja mwekundu wa 1964, mmoja wa 2006, mmoja wa 2020, ili hata mgeni anayetafuta kiwanja aone maji yalikowahi kufika. Na kila Jumatatu mtu mmoja aisome na kuitangaza kwa kipaza sauti cha soko, kabla ya bei za dagaa. Namba ya wiki hii, namba ya wiki iliyopita, basi. Ruhusa ya kuisimamisha tumeshapewa kwa maandishi. Zege na nondo zimechangwa, na fundi yuko hapa ndani, amekaa mstari wa tatu.

Msomaji bado hatujampata. Si lazima awe mtaalamu. Awe mwaminifu, awe anaamka mapema, na awe na mtoto au mdogo wake wa kumfundisha kazi, kwa sababu kipimo cha mwaka mmoja hakina faida kubwa. Faida inakuja kikifika miaka 30. Jumatatu saa 12 asubuhi tunaanza kuchimba msingi. Mje na viatu vya kulowana.